Faili Namba Kumi na Tisa

"Hawa watatu wamerudiwa na uvimbe ndani ya kompyuta yako tu!" alisema Mama Mafaili, akayabwaga mafaili mezani kwa daktari. "Huku nje hakuna ajuaye."

Daktari aliokoa kikombe chake cha chai. Alishangaa. Kwa miaka yake miwili hospitalini, mtunza mafaili huyu hakuwahi kuingia kliniki. Siku zote alipitisha mafaili dirishani na kuondoka zake.

"Mama, kimya kingi kina mshindo mkuu. Mtu akipotea kliniki miaka miwili, namhesabu kuwa uvimbe umemrudia. Ndiyo kanuni."

"Kanuni ya nani? Mtu akishapona anataka nini kwako? Aje akutazame uso?"

Daktari alikuwa mpole, ila hesabu zake hazikuguswa. Alikuwa amekusanya wagonjwa wote thelathini waliowahi kupasuliwa hapo kwa saratani ile adimu inayoota ndani ya misuli. Kati yao, kwa hesabu yake, kumi na saba walirudiwa na uvimbe. Kwa hesabu hiyo aliwapima wapya wanaofanana nao: hatari ikifika nusu, mguu au mkono unakatwa. Ikishuka chini ya nusu, unatolewa uvimbe peke yake, mtu anapigwa mionzi na anabaki na viungo vyake.

Jumatatu iliyokuwa inakuja ilikuwa zamu ya fundi cherehani, mama wa watoto wawili. Mguu wa kulia, juu ya goti. Asubuhi hiyo, kabla ya kuja kwa daktari, Mama Mafaili alimpelekea fomu ya kukubali kukatwa, akamkuta kitandani unyayo ukichezacheza kama anayekanyaga cherehani. Fomu ilirudi bila sahihi.

"Mwambie daktari mguu huu unalisha watu watatu," fundi alisema. "Akiukata, aje yeye akanyage."

Maneno hayo Mama Mafaili aliyafikisha kama yalivyo, tena kwa sauti.

"Ni ndugu yako?" daktari aliuliza.

"Si ndugu yangu. Mpaka awe ndugu ndiyo nimwonee uchungu?"

Daktari alishusha pumzi. "Haya. Niletee hao watatu, au picha zao mpya, kabla ya Ijumaa saa sita mchana. Ukileta wawili tu, wanabaki kumi na tano kati ya thelathini, na hiyo ni nusu. Nusu inakata. Nataka wote watatu."

"Utawapata!"

Alishuka ngazi kwenda chumba chake cha chini, akitanguliza mguu mmoja na kuuvuta wa pili, kidato kwa kidato. Wauguzi walizoea kumtania. Yeye huwajibu kwamba magoti yake yamestaafu kabla yake.

Namba nne alikuwa fundi bomba, na alipokea simu kwa ukali. "Nimepona! Nije kufanya nini, kuhesabiwa kama kuku?" Alipoambiwa habari za fundi cherehani aliuliza picha zinapigwa saa ngapi. Kesho yake alikuja na spana mfukoni, akapigwa picha. Safi.

Namba kumi na moja alikuwa mwalimu mstaafu. Simu ilipokewa na mkwewe, aliyesema mama yuko shambani, analima. Analima! Mama Mafaili alicheka peke yake mpaka machozi yakamtoka. Alhamisi mwalimu alifika, akamsalimia daktari kwa mkono uleule uliopasuliwa, akaubana wa daktari mpaka kijana wa watu akakunja uso. Picha safi.

Kumi na tano. Nusu kamili.

Akabaki namba kumi na tisa. Daktari hakuwahi kulifungua faili lake. Kwake lilikuwa mstari mmoja wa kompyuta: mwanamke, paja la kushoto, mara ya mwisho kuonekana miaka kumi na mmoja iliyopita. Namba ya simu ilikuwa imekufa zamani.

"Huyu achana naye, mama. Mficha maradhi kilio humuumbua. Angekuwa mzima angeshakuja."

Mama Mafaili aliliokota faili mezani. Alilikumbatia faili, akatoka.

Ijumaa hakuonekana asubuhi nzima. Mtu ambaye wauguzi hurekebisha saa zao kwa kumtazama! Chumba cha mafaili kilifungwa, na wodini fundi cherehani aliletewa fomu nyingine, akaichana.

Saa sita kasoro dakika tano Mama Mafaili aliingia kwa daktari bila kubisha, uso umelowa jasho. Aliweka bahasha mezani. Juu iliandikwa 19 tu.

Daktari alizitoa picha, akaziinua kwenye mwanga. Ya paja. Ya kifua. Akazirudia. Kisha akaketi, akabonyeza kompyuta: kumi na nne kati ya thelathini. Akaivuta ratiba ya Jumatatu, akafuta mstari mmoja, akaandika mwingine.

"Umenishinda, mama. Mguu haukatwi."

Mama Mafaili alishika ukingo wa meza kwa mikono miwili.

"Na ile kanuni?" aliuliza.

"Naifuta leo hii. Lakini huyu wa mwisho nataka kumwona kwa macho yangu. Miaka kumi na mmoja! Anaishi mbali?"

"Hapana."

"Sasa kilichomzuia kuja ni nini?"

"Woga. Aliona bora asijue."

"Mwite basi aingie."

Mama Mafaili aliufunga mlango, akakaa kwenye kiti cha wagonjwa, akapandisha gauni upande wa kushoto mpaka kovu refu la paja likaonekana lote.

"Andika," alisema. "Namba kumi na tisa, amefika kliniki."