Sare Mbili

Mkono wa kushoto aliushona mfupi kwa makusudi. Kola akaipeleka upande, kisha akang'oa kifungo kilichokaa sawa na kukirudisha mahali pasipo pake.

Kazi hiyo ilimtoa jasho. Fundi huyu alizoea kufumua gauni zima kwa ajili ya mshono mmoja uliopinda, na leo vidole vilikuwa vinamgomea.

Lakini angefanyaje? Binti yake wa pekee, miaka kumi na mitatu, alitakiwa kurudisha fomu ya kuchagua shule kesho asubuhi. Mkewe alitaka ya bweni, mwendo wa siku nzima kwa basi, sare kahawia. Yeye alitaka ya kutwa, hapo nyuma ya soko, sare kijani.

"Ya bweni ina maabara," mkewe alisema.

"Na mimi nina mtoto mmoja," fundi alijibu, akainamia cherehani ili asionekane macho.

Wakakubaliana binti achague mwenyewe, asishawishiwe na mtu. Fundi akafyata ulimi kweli. Alijitolea tu kushona sare zote mbili, mtoto azijaribu. Ya kijani aliimaliza Jumatatu, na hii ya kahawia leo, Alhamisi. Msichana wa umri ule, aliwaza, huchagua shule mbele ya kioo.

Alasiri binti akavaa ya kijani. Ilimkaa utadhani kazaliwa nayo. Akavaa ya kahawia. Bega moja likapanda, jingine likashuka, na mkono mmoja ukaishia kwenye kiwiko.

Mama akaguna. Binti akajitazama kwa muda, akamtazama baba yake, akachukua fomu na kuingia chumbani.

Fundi akaanza kupiga mluzi. Roho yake kwatu.

Binti alipotoka, kope zilikuwa zimelowa. Akampa baba yake fomu. Shule ya nyuma ya soko ilikuwa imekatwa kwa kalamu, na juu yake imeandikwa ya bweni.

"Nilishaijaza tangu juzi, sikutaka kukuacha," alisema, akiishika mikono ya fundi. "Lakini baba, Jumatatu ulishona vile, leo umeshona hivi. Siku tatu tu, macho yamekwisha! Acha nikasome udaktari, nije nikutibu."