Alama ya Unga

Bosi aliipenda picha ya chapati inayozunguka kwenye tovuti yao ya kusajili mamantilie. Nasiche, aliyeitengeneza tovuti hiyo, alishamwambia mara tatu kwamba itawachanganya watu. Leo hakubishana. Alimpelekea simu Mama Somoe, mpika chapati wa mlango wa pili, bosi akimfuata nyuma.

"Mama, hebu jisajili hapa."

Mama Somoe aliibonyeza ile picha. Kimya. Akabonyeza tena, kwa nguvu.

"Imekufa hii, mwanangu."

"Kitufe kiko chini kabisa, mama," bosi alisema, akiinama kumwonyesha.

"Sasa baba, utamwinamia kila mtu hivyo?"

Akarudi kwenye kikaango chake. Katikati ya kioo ilibaki alama ya kidole chenye unga. Nasiche hakuifuta. Alifungua kompyuta, akaanza kukihamishia kitufe pale pale.