Viti Vilivyovaa Soksi

Mlango ulimbana mtoto kidole. Baba yake, askari mstaafu, alikuwa amejilaza na kitambaa cha maji baridi kwenye paji la uso. Aliuona mdomo wa bintiye ukifunguka wote, machozi yakitiririka, lakini sauti haikutoka.

Tangu bomu limtikise ubongo vitani, kichwa humgonga kama nyundo, na nyumba nzima hunyata. Hata viti vimevishwa soksi! Ila hakujua kwamba mtoto naye ameshajifunza kulia kimyakimya.

Uso ukamshuka. Akapiga magoti.

"Lia, mwanangu. Lia kwa sauti."

"Baba, mama alisema kichwa chako kitapasuka."

"Hakipasuki. Wewe lia tu."

Mtoto alisita. Kisha akamziba baba masikio kwa viganja vyote viwili, hata kile chenye kidole kilichovimba, ndipo akalia.