Mbeleko

Umeme ulikatika alfajiri, na theluji ilikuwa imepanda hadi madirishani. Profesa Lindvall alipanda ngazi akitafuta maneno ya kumpa pole Sikudhani, yule mwanafunzi aliyetoka nchi ya joto. Bakteria wa maziwa aliowalea mwaka mzima katika kabati la joto la maabara lazima walikuwa wamekufa kwa baridi.

Alimkuta kwenye ujia, akitembea huku na huko, akiimba kwa sauti ya chini. Alikuwa amejifunga kanga mgongoni, na ndani yake chupa za bakteria wake zimelala, zimebanana. Mkono wake mmoja ulikuwa nyuma, ukizipigapiga.

"Wazima, Profesa," alinong'ona. "Joto langu linawatosha."

Profesa, ambaye sauti yake ilizoea kutetemesha darasa, alijikuta naye ananong'ona.

"Umechoka?"

"Mgongo unawaka moto. Na umeme bado."

Profesa akavua koti, akampa mgongo, akainama.

"Nibebeshe."

Sikudhani alimkazia fundo kifuani. Profesa akaanza kutembea hatua ndogo ndogo, akichelea kuwaamsha.