Picha ya Kutangulia Jeneza

Tangu Lwitiko aweke mfumo wa Linux kwenye kompyuta ya duka lake la picha, printa ilizidisha manjano katika kila picha. Asubuhi hiyo Mama Tusekile alikaa kwenye benchi, akisubiri picha ya binti yake Tusekile, ile ambayo ingetangulia jeneza saa nane.

"Nivumilie, mama," Lwitiko alisema. "Kompyuta na printa hazielewani kwenye rangi."

Alifuta draiva ya zamani, ile programu inayoiongoza printa, akaweka inayofaa, akachagua upya aina ya karatasi. Kisha akachapa ukurasa wa majaribio. Nyekundu ilitoka nyekundu, nyeupe ikatoka nyeupe. Akashusha pumzi, akachapa picha.

Tusekile akatoka na manjano yaleyale, usoni na hata ndani ya macho.

"Bado," Lwitiko alisema, akaanza kuikunja karatasi aitupe.

Mama Tusekile akamshika mkono. "Usiikunje. Mashine yako haina kosa. Picha hiyo nilimpiga hospitalini, wiki iliyopita. Ini lilikuwa limeharibika, akawa hivyo."

"Hakuna nyingine, mama?"

"Zilikuwa kwenye simu yake. Iliibwa wodini."

Lwitiko akaifungua picha kwenye skrini, akashika mausi, akapunguza manjano kidogo. Halafu kidogo tena. Weupe wa macho ukaanza kurudi.

Mama Tusekile akasogeza benchi karibu na skrini.

"Taratibu, mwanangu," alisema. "Usiharakishe." Naye akakaa akimtazama binti yake akipona.