Simu Isiyomjua Hanifu

Siku hizi simu ya kazi hujifunga yenyewe ikisikia sauti isiyosajiliwa, ili siri za wateja zisiangukie masikio ya mtu asiyejulikana. Nyumbani kwa Salme, anayefanyia kazi sebuleni kwa niaba ya kampuni ya bima, sauti ya mumewe imesajiliwa. Hata ya mwenye nyumba, anayependa kupiga soga dirishani. Ya mwanawe, Hanifu, imekataliwa, kwa sababu sauti ya mtoto mdogo hubadilika kila mara. Asubiri akue, kampuni ilijibu.

Kwa hiyo taa ya kijani ya simu ikiwaka, ishara kwamba mteja yuko hewani, Salme humwekea mwanawe kidole juu ya midomo, kwa upole, kama mchezo.

Mama mkwe wake, Bi Mishi, alifika jana kutoka Pangani na kusajiliwa kabla hajavua viatu.

“Nimelea wengi, mwanangu,” alisema asubuhi hii, “ila mtoto mtulivu hivi sijapata kumwona.”

“Ameshazoea, mama,” Salme alijibu, kisha akapokea simu ya mteja.

Hanifu alikuwa akisukuma kigari chake. Akajikwaa kwenye mkeka, paji la uso likagonga mguu wa meza. Akafungua kinywa wazi, machozi yakamtiririka, lakini sauti haikutoka. Alikuwa ameikazia macho taa ya kijani.

Bi Mishi alimtazama mkwewe.

Salme akaizima simu, mteja akiwa bado anaongea.

Taa ilipozimika, ndipo Hanifu alipolia.