Kitenge cha Sherehe

Shimo la wachimbaji liliporomoka asubuhi. Sasa akina mama walikuwa wameketi mbele ya tingatinga lililotumwa kulifukia.

"Batoto betu beko mule!"

Askari walirudi nyuma, maana mama akikuvulia kitenge, umelaaniwa.

"We ni mwanamuke, mon colonel," kapteni alisema. "Laana haitakukamata."

Ndipo Kanali Ngalula, mwanamke wa kwanza kuongoza kikosi hapa Kolwezi, akaelewa kwa nini wakubwa walimpa yeye amri ya kuwaondoa.

Akasogea. Mwanamke mmoja akainuka. Alikuwa mama yake mzazi, amejifunga kitenge kilekile cha sherehe ya ukanali wa bintiye.

"Mama, tafadhali."

"Mudogo yako naye eko mule," mama alijibu, na vidole vyake vikaanza kulegeza fundo.